Sinia Moja kwa Paka Wawili

Asubuhi nyumbani kwa Mwanaesha ilianza kwa maji. Muuza maji alipita na mkokoteni wake katika mtaa wa Sofia, mjini Voi, na aliyechelewa alikaa siku nzima bila tone. Mwanaesha hakuchelewa. Alijaza mitungi yake, akafagia vumbi jekundu mlangoni, kisha akapika mahamri na mbaazi za kuwauzia majirani.

Akimaliza kuuza, aliketi. Hapo ndipo nyumba ilipomlemea. Mumewe, Ridha, alikuwa amefariki mwaka uliopita baada ya kuugua kwa muda mrefu. Eda ilikwisha, wageni wakaacha kuja, na Mwanaesha akabaki na paka.

Paka huyo aliitwa Bibie. Alikuwa wa kijivu, mnene, mwenye macho ya njano. Ridha alimleta kutoka Ronge, alikokwenda kununua ndizi. Alimleta ndani ya kofia, maskini, kitoto ambacho macho yake ndiyo kwanza yamefunguka. Watu wengi wa hapa hufanya hivyo. Husema paka akichukuliwa mdogo sana atasahau kwao, wala hatatoroka.

Kweli Bibie hakutoroka. Hakutoka nje kabisa. Mtaa ulikuwa na mbwa wakali, kwa hiyo Ridha alimfungia ndani, akamnywesha maziwa kwa kijiko. Ridha alipougua, Bibie alilala miguuni pake mpaka siku ya mwisho. Ndiyo maana Mwanaesha alimpenda kupita kiasi. Alikuwa hasemi na mtu siku nzima, lakini paka alisema naye.

Jioni moja mlango ukabishwa. Alikuwa Nasiha, binti yake wa pekee, aliyeolewa Mombasa. Alikuwa na begi moja na kikapu cha ukindu kilichofungwa kwa leso. Ndani ya kikapu kulikuwa na sauti ya paka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona ghafla? Mumeo yuko wapi?"

"Yuko kwake."

"Umekuja kukaa siku ngapi?"

"Nimekuja, Mama. Nimekuja tu."

Mwanaesha alimtazama. Nasiha alikuwa amekonda, na alikwepa macho ya mama yake. Mama hakuuliza zaidi. Siku hizo mama na binti walikuwa hawajui tena kuzungumza. Kila mmoja alikuwa na huzuni yake, na kila mmoja aliificha asimwongezee mwenzake.

Nasiha akafungua kikapu. Akatoka dume la rangi ya machungwa, kichwa kikubwa, mkia juu. Jina lake Donge.

Bibie alikuwa amelala juu ya kiti. Alipomwona Donge, manyoya yakamsimama mwili mzima. Masikio yakalala. Akatoa sauti kali, "Hhhhh!", akaruka akapanda juu ya kabati, akajibana ukutani akitetemeka.

"We Bibie!" Mwanaesha akashangaa. "Mtu mzima mzima waogopa paka mwenzio? Huna haya?"

Akacheka kidogo. Alidhani ni jambo la siku moja. Lakini haikuwa siku moja.

Bibie alihamia juu ya kabati. Alishuka tu Donge alipolala, akala haraka haraka, akapanda tena. Bakuli lake la mchanga, la kujisaidia, lilikuwa kwenye ujia wa kwenda jikoni. Donge naye alipenda kulala pale pale kwenye ujia, kwa sababu sakafu ilikuwa baridi. Kwa hiyo Bibie hakuweza kupita.

Siku moja Mwanaesha alitandaza mswala wake ili aswali alasiri. Akauona una doa. Akaunusa.

"Astaghfirullahi!" alipiga kelele. "Mkojo! Kwenye mswala! Nasiha, njoo uone kazi ya paka wako!"

Nasiha alitoka chumbani. "Mama, Donge alikuwa na mimi. Ni Bibie huyo."

"Bibie hakuwa na tabia hizi. Ameanza mlipokuja nyinyi."

Nasiha akasema polepole, "Unataka tuondoke?"

"Nataka paka wako aondoke."

"Akiondoka Donge, na mimi naondoka."

"Uende wapi? Una mume. Rudi kwa mumeo."

Nasiha alichukua mswala akaenda kuufua, na siku hiyo hawakusemezana tena. Sasa mnaona jinsi mambo yalivyokuwa. Wawili hao walikuwa wakigombea paka, lakini jambo lenyewe lilikuwa moja tu: je, Nasiha ana nafasi katika nyumba ya mama yake, au hana?

Kesho yake akaja Mjomba Mwinyihaji, kaka yake Mwanaesha. Huyu alikuwa mtu wa kusuluhisha. Ndugu wakigombania shamba, aliitwa yeye. Mume na mke wakitupiana maneno, aliitwa yeye. Na dawa yake ilikuwa moja. Aliagiza pilau, akawakalisha wagomvi kwenye sinia moja, akasema, "Bismillahi, kuleni." Wakishaingiza mikono pamoja, kwake ugomvi umekwisha. Nasiha na mumewe pia aliwahi kuwakalisha hivyo, mwanzoni mwa mwaka. Walikula, watu wakapiga vigelegele, wakarudi kwao Mombasa.

"Ijumaa nitakuja kukuchukua," Mjomba alimwambia Nasiha. "Nimeshamwita mumeo. Mtakaa, mtakula, yaishe."

Nasiha alitazama sakafu.

Mwanaesha akamweleza kaka yake habari za paka. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanaesha! Mimi sijashindwa na watu, nitashindwa na paka? Lete sinia. Lete dagaa."

"Kaka, paka nao?"

"Kwani hawana matumbo?"

Dagaa waliwekwa kwenye sinia. Donge akaja mwenyewe, akaanza kula. Mjomba akapanda kiti, akamshika Bibie kwa shingo, akamshusha. Bibie alikuwa mgumu kama ubao. Mjomba akamkandamiza chini mbele ya sinia, uso kwa uso na Donge.

"Kula! Kula na mwenzio!"

Donge akainua kichwa akamkazia macho. Bibie akajikojolea hapo hapo.

"Mjomba, mwache," Nasiha akasema. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mwache, tafadhali. Si unaona anatetemeka?"

"Atazoea."

Nasiha akatoka nje, akasimama uani, mkono mdomoni. Bibie alimkwaruza Mjomba, akachopoka, akaingia chini ya kitanda cha Mwanaesha.

"Kesho mrudie," Mjomba akasema akifuta damu. "Ugomvi wa zamani hauishi kwa sinia la kwanza."

Mwanaesha akarudia. Alimpenda paka wake, na alimwamini kaka yake. Kila alipomvuta Bibie mbele ya sinia, Bibie alizidi kuogopa. Mwishowe akaacha kula kabisa. Akawekewa samaki, hakumgusa. Akawekewa maziwa, akageuza uso. Siku ya kwanza Mwanaesha akasema ni hasira. Siku ya pili akasema ni maringo. Asubuhi ya tatu alimvuta kutoka chini ya kitanda, na paka hakushindana naye. Alining'inia mikononi kama kitambaa.

Mwanaesha akaanza kulia kwa sauti. "Nasiha! Bibie anakufa! Nasiha, nimebaki na nini mimi?"

Maneno hayo yalimchoma Nasiha. Lakini hakusimama kuyajibu. Alikimbilia nyumba ya nyuma.

Nyumba ya nyuma alikaa Wakesho, daktari wa mifugo, mzaliwa wa Mwanda kule milimani. Alikuwa ndiyo anafunga viatu aende kazini. Alikuja mbio na mkoba wake.

"Shikamoo Mama Nasiha. Hebu nimuone."

Alimpima Bibie joto. Akambonyeza tumbo. Akainua mdomo wake akatazama ufizi.

"Tazameni hapa. Ufizi umeanza kuwa wa manjano. Amekaa bila kula siku ngapi?"

"Hii ya tatu," Mwanaesha akajibu.

"Mama, paka si mbwa. Mbwa anaweza kushinda njaa kidogo. Paka akikaa siku mbili bila kula, hasa akiwa mnene, ini lake linaanza kuharibika. Paka asipokula siku moja, nyinyi mlete. Msingoje. Huyu nampeleka sasa hivi nimtundikie maji."

"Atapona?"

Wakesho hakutaka kudanganya. "Sijui, Mama. Tumechelewa. Tutajaribu."

Bibie alilazwa kwa Wakesho. Nasiha alikwenda kila siku kumlisha uji wa samaki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone. Mwanaesha alikaa nyumbani akimwomba Mungu. Alikuwa na aibu ya kumwomba kwa ajili ya paka, lakini alimwomba.

Bibie akaanza kula mwenyewe. Wakesho akamrudisha jioni moja, akaketi, akapewa chai.

"Sasa niambieni yote," akasema. "Nimempima, hana jeraha wala ugonjwa mwingine. Huwa naangalia hilo kwanza, maana paka mwenye maumivu pia huwachukia wenzake. Hapa imetokea nini?"

Wakamwambia yote, hata habari ya sinia. Wakesho alishika kichwa.

"Sinia moja! Aki ya nani! Mama, sisi watu tukila pamoja tunapatana. Paka hajaumbwa hivyo. Paka anawinda peke yake, anakula peke yake. Ukimweka paka ale akitazamana na paka asiyemjua, kwake hiyo ni vita. Yule mwingine akimkazia macho, anamwambia, 'Nitakuumiza.' Na huyu mmemshika, hawezi kukimbia. Kila mara mlipomshika, alijifunza kwamba hofu yake ni ya kweli."

"Lakini mbona paka wa sokoni wanakaa pamoja?" Mwanaesha akauliza.

"Wale wamezaliwa pamoja, wengi ni ndugu. Bibie alichukuliwa kwa mama yake akiwa na umri gani?"

"Macho ndiyo yamefunguka tu. Marehemu alimleta ndani ya kofia."

"Ndiyo hapo. Mtoto wa paka hujifunza upaka kwa mama yake na ndugu zake. Wanacheza, wanaumana kidogo, anajua huyu anatania, huyu amekasirika. Mafunzo hayo anayapata katika miezi miwili ya kwanza. Bibie hakuyapata. Yeye anawajua watu tu. Maisha yake yote hajawahi kukaa na paka. Halafu siku moja dume kubwa linaingia ndani ya nyumba yake, na harufu asiyoijua, na yeye hana pa kukimbilia. Wewe usingeogopa?"

Mwanaesha aliguna.

"Tena nyumba ilikuwa na msiba," Wakesho akaendelea. "Aliyemlea ameondoka. Paka pia huona kwamba mtu hayuko. Mnyama aliyekwisha kupoteza kitu ana hofu zaidi."

"Na mkojo kwenye mswala?"

"Si ubaya, Mama, wala si jeuri. Bakuli la mchanga liko kwenye ujia, na Donge amelala hapo. Angepita wapi? Tena paka mwenye hofu hupenda kuweka harufu yake mahali penye harufu ya mtu anayempenda. Anajituliza."

"Nami nikampigia kelele," Mwanaesha akasema.

"Sasa tufanye nini?" Nasiha akauliza. "Donge aondoke?"

Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Mwanaesha alimtazama Wakesho. Hakuna aliyekunywa chai.

"Si lazima," Wakesho akasema. "Ila tuanze upya, na tuanze polepole. Bibie akae chumbani kwa Mama, mlango ufungwe. Awe na chakula chake, maji yake, mchanga wake, na mahali pa juu pa kupanda. Donge akae huku sebuleni na Nasiha, naye awe na vyake. Wasionane kabisa kwanza. Chukueni kitambaa alicholalia mmoja, mpeni mwenzake akinuse. Wazoee harufu kabla ya sura."

"Halafu?"

"Halafu mnawalisha wakati mmoja, huyu upande huu wa mlango, yule upande ule. Sahani ziwe mbali na mlango. Wakila kwa utulivu, kesho sogezeni kidogo. Mmoja akikataa kula, rudisheni nyuma. Mpaka wale karibu na mlango bila wasiwasi. Hapo ndipo mnafungua upenyo mdogo tu."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki nyingi. Pengine miezi. Na Donge nitamhasi, dume asiyehasiwa ana ugomvi mwingi. Wote nitawachanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Lakini msinilaumu baadaye, eh? Paka wengine hawapatani maisha yao yote. Mkiwapata wasiumizane, shukuruni. Kupendana si lazima."

Basi wakaanza. Kila asubuhi na kila jioni, Mwanaesha aliketi chini chumbani mwake na sahani ya Bibie. Nasiha aliketi sakafuni sebuleni na sahani ya Donge. Mlango katikati, umefungwa.

Mwanzoni walizungumza habari za paka tu.

"Wako anakula?" Mwanaesha aliuliza.

"Anakula. Wako?"

"Amenusa, amerudi nyuma."

"Basi turudishe sahani, Mama."

"Haya."

Siku zikapita, sahani zikasogea. Na jambo la ajabu likatokea, ambalo hata Wakesho hakulitarajia. Wawili hao walioshindwa kuzungumza mezani wakaanza kuzungumza kupitia mlango. Nasiha aliuliza habari za siku za mwisho za baba yake. Mwanaesha alimwambia. Wakati mwingine walilia, kila mtu upande wake, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Jioni moja, siku moja kabla ya Ijumaa mpya aliyoipanga Mjomba, kwani ile ya kwanza ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Bibie, Nasiha alisema, "Mama."

"Naam."

"Siku ile Mjomba alipotukalisha sinia moja, mimi na mume wangu. Ulifurahi sana."

"Nilifurahi, mwanangu. Mlikula mkamaliza."

"Nilikula kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Hukuuona?"

Mwanaesha alikuwa ameuona. Alidhani ni haya ya mbele za watu.

"Nilikuwa na mimba, Mama. Changa. Nilitaka nikwambie wewe kwanza. Tulipofika Mombasa alinipiga, akanisukuma kwenye ngazi. Mimba ikatoka."

"Lakini siku zile uliniambia una malaria."

"Nilikwambia nina malaria."

Paka walikuwa wakila, huku na huku.

"Mbona hukuniambia, Nasiha? Mimi mama yako!"

"Ningekwambia, mngetukalisha tena."

Neno hilo lilimuuma Mwanaesha kwa sababu lilikuwa kweli. Angempigia kaka yake simu, na kaka yake angeagiza pilau.

Alitaka kufungua mlango saa ile ile amshike mwanawe. Lakini Bibie alikuwa na kichwa ndani ya sahani, karibu kabisa na mlango, anakula. Mwanaesha akajizuia. Akangoja mpaka paka akamaliza, akapanda juu ya kabati akaanza kujilamba. Ndipo akafungua taratibu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Akaketi sakafuni karibu na Nasiha, akamlaza kifuani. Walilia hapo mpaka mwadhini akaadhini magharibi.

Baada ya kuswali, Mwanaesha alichukua simu.

"Kaka, kesho usije."

"Kwa nini? Nimeshasema na mumewe. Yuko tayari."

"Basi awe tayari huko huko aliko."

"Mwanaesha, una nini? Watu watasema nini?"

"Waseme. Mwanangu haendi."

"Unanivunjia heshima!"

"Mwanangu alivunjwa zaidi, Kaka, na sisi tukampigia vigelegele."

Mjomba akakata simu. Tangu siku hiyo hajafika nyumbani kwa dada yake. Mwanaesha ana kaka mmoja tu, na jambo hilo linamuuma kila Ijumaa. Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Wakesho aliwasindikiza hadi kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, Nasiha akaandikisha taarifa. Kesi bado inaendelea, tena polepole.

Paka je? Sasa mlango wa chumba unaachwa wazi mchana. Bibie hukaa juu ya kabati, Donge hukaa karibu na mlango wa uani. Kuna bakuli mbili za mchanga, mbali mbali, na sahani mbili. Hawalambani, wala hawalali pamoja. Donge akikaribia sana, Bibie hutoa sauti, na Donge hugeuka akaenda zake. Bibie amenenepa tena. Hajakojoa pasipostahili tangu mvua za vuli.

Wiki iliyopita Mwanaesha alimwita fundi Kaloki. Alikuwa amenunua komeo la chuma dukani, komeo zito, akataka litiwe kwenye mlango wa chumba cha Nasiha.

"Nitie upande gani, Mama?" Kaloki akauliza. "Nje au ndani?"

"Ndani."

Kaloki akatoboa mbao, akakaza parafujo. Nasiha akaingia chumbani mwake. Akafunga komeo, akalifungua, akalifunga tena. Mama yake alisimama upande wa pili.

"Nikitaka kuingia," Mwanaesha akasema, "nitapiga hodi."